Nguvu ya Sumaku: Yampasayo Mtumiaji Kujua Kabla ya Kununua Kifaa au Kusuka Upya Mota

Hata kaya ambayo haijawahi kununua sumaku ina sumaku za kutosha. Zimo ndani ya raba ya mlango wa friji, nyuma ya spika ya redio, ndani ya simu, katika feni, katika pampu ya maji na katika mota ya mashine ya kusaga. Baadhi yake ni sumaku za kudumu, yaani zenye nguvu muda wote pasipo umeme. Nyingine ni sumakuumeme: waya uliozungushwa kwenye chuma, ambao huwa sumaku pale tu mkondo wa umeme unapopita, na huacha kuwa sumaku mkondo unapokatika.

Katika somo hili tunaeleza kinachozipa sumaku hizo nguvu na kinachoziondolea. Hatukusudii kumfanya msomaji awe fundi. Tunakusudia aweze kuuliza swali linalofaa dukani na karakanani, kwa kuwa asiyeuliza hulipa mara mbili: kwanza kwa bidhaa au ufundi hafifu, kisha kila mwezi kwa umeme unaogeuka joto badala ya kazi. Mwenye mashine ya kusaga ambaye mota yake imeungua mara mbili katika msimu mmoja wa mavuno hupoteza zaidi ya gharama ya kuisuka. Hupoteza na wateja.

Sumaku ya kudumu

Kila atomi ya chuma ni mfano wa sumaku ndogo. Katika msumari wa kawaida atomi hizo zimejipanga katika vikundi vidogo visivyoonekana kwa macho, kila kundi likielekea upande wake, hata nguvu zao zikafutana. Sumaku ya kudumu hupatikana pale vikundi hivyo vinapoelekezwa upande mmoja na kuzuiwa visirudi vilivyokuwa. Kwa hiyo ubora wa malighafi hupimwa kwa mambo mawili: inatoa uga wa sumaku wenye nguvu kiasi gani, na inaushikilia kwa uthabiti gani. Chuma laini hukubali kuwa sumaku upesi na kuacha upesi. Feleji hukubali kwa shida na kuacha kwa shida.

Sumaku nyeusi, nzito na zenye kuvunjika kama kigae zilizo nyuma ya spika nyingi ni za feraiti, zitengenezwazo kwa oksidi ya chuma pamoja na bariamu au strontiamu. Ni za bei nafuu na hazipati kutu. Zile zinazong'aa kama fedha ni za neodimiamu, chuma na boroni, zilizovumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchini Japani na Marekani. Uga wa feraiti hufikia takriban tesla 0.4, ilhali wa neodimiamu hufikia tesla 1.2 hadi 1.4. Tofauti hiyo ya mara tatu ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa nguvu ya kuvuta chuma kilichogusana na sumaku hufuata mraba wa uga: uga ukiwa mara tatu, mvuto katika eneo lile lile huwa karibu mara tisa. Ndiyo maana kidonge cha neodimiamu chenye ukubwa wa kifungo cha shati hushinda kipande cha feraiti kilicho kikubwa kuliko hicho.

Muuzaji akikuonyesha maandishi kama N35, N42 au N52, hiyo ni daraja ya neodimiamu. Tarakimu ikiwa kubwa, malighafi ina nishati zaidi katika ujazo ule ule. Lakini daraja haisemi lolote juu ya joto, na joto ndilo adui wa kwanza wa sumaku hizi. Neodimiamu ya kawaida, ile isiyo na herufi nyingine baada ya tarakimu, haifai kutumika penye joto linalozidi takriban nyuzi 80 za Selsiasi. Ikipita hapo huanza kupoteza sehemu ya nguvu ambayo hairudi hata ikipoa. Dashibodi ya gari lililofungwa juani huweza kupita nyuzi 70, nasi tungemshauri mwenye kishikizo cha simu cha sumaku asikiache hapo siku nzima. Ikifikia kati ya nyuzi 310 na 320, neodimiamu huacha kuwa sumaku kabisa. Chuma chenyewe hufika kikomo hicho kwenye nyuzi 770.

Maandishi mengine yanayopotosha ni ya kilo. Sanduku likisema sumaku yabeba kilo 20, jua kwamba kipimo hicho aghalabu hufanywa kwa kuivuta moja kwa moja kutoka kwenye bamba la chuma nene, safi na laini. Ukiibandika ukutani juu ya bati jembamba lililopakwa rangi, kisha ukatundika mzigo unaoivuta kwenda chini, itateleza kwa uzito ulio sehemu ndogo tu ya kilo hizo. Bati jembamba haliwezi kupitisha uga wote, na rangi nayo huweka pengo. Pengo lolote, liwe la hewa, rangi, vumbi au plastiki, hula nguvu ya sumaku upesi mno. Ukiwa mbali na sumaku kwa umbali unaozidi ukubwa wake mara kadhaa, kila unapozidisha umbali mara mbili uga hupungua hadi sehemu moja ya nane.

Hapo ndipo lilipo jibu la malalamiko ya kawaida kuhusu mlango wa friji usioshika. Ndani ya raba mna ukanda wa unga wa feraiti uliochanganywa na plastiki laini, na ukanda huo huchukua miaka mingi kabla ya kuishiwa nguvu. Kinachoharibika mapema zaidi ni raba yenyewe kukakamaa, bawaba kulegea, au mafuta na makombo kuganda kwenye mikunjo. Fungia kipande cha karatasi mlangoni kisha ukivute. Kikitoka bila kushikwa, safisha raba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na ujaribu tena kabla ya kukubali kuuziwa raba mpya, sembuse friji mpya.

Nguvu hiyo hiyo ni hatari kwa mtoto

Mtoto akimeza sumaku moja ndogo, mara nyingi huweza kupita bila madhara. Akimeza mbili, au moja pamoja na kipande cha chuma, jambo ni jingine kabisa. Sumaku zikiwa katika sehemu mbili tofauti za utumbo huvutana kupitia kuta zake, zikaubana utumbo katikati, damu ikakosa kupita, na hatimaye tundu likatoboka. Dalili za mwanzo ni tumbo kuuma na kutapika, ambazo mzazi yeyote angezidhania kuwa za ugonjwa wa kawaida wa tumbo. Ukiwa na shaka kwamba mtoto amemeza sumaku, mpeleke hospitali mara moja, useme wazi neno "sumaku" ili apigwe picha ya eksirei. Usisubiri zitoke, wala usimtapishe.

Kiwango cha kimataifa cha usalama wa vichezeo, ISO 8124-1, kinataka sumaku ndogo inayoweza kumezwa iwe na kielezo cha nguvu kilicho chini ya 50. Kielezo hicho hupatikana kwa kuchukua mraba wa uga wake katika kilogausi na kuuzidisha kwa eneo la ncha yake katika milimita za mraba. Sumaku ya kidonge yenye kipenyo cha milimita 5 ina eneo la takriban milimita za mraba 20. Uga wake ukiwa kilogausi 4 tu, kielezo ni 16 mara 20, yaani 320. Vijipira na vidonge vya neodimiamu vinavyouzwa kwa mamia ndani ya kopo kama pambo la mezani la watu wazima viko katika kundi hilo. Maoni yetu ni kwamba nyumba yenye mtoto mdogo haivihitaji.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani naye aweke sumaku kali, pamoja na simu zenye sumaku za kuchajia, umbali wa sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye kifaa hicho. Mfuko wa shati si mahali pa simu yake.

Sumaku haizalishi umeme wa bure

Zipo bidhaa zinazotangazwa kuwa "jenereta ya sumaku" isiyohitaji mafuta, jua wala maji. Sumaku ikivuta kipande cha chuma, kazi inayofanyika wakati wa kukivuta ni ile ile utakayoilipa ukitaka kukitoa. Gurudumu la sumaku likizunguka duara kamili hurudi mahali lilipoanzia pasipo ziada yoyote, tena likiwa limepoteza kidogo kwa msuguano. Jenereta ya kweli ina sumaku pia, lakini kinacholipia umeme ni dizeli, maji au upepo unaoizungusha. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha chanzo cha nishati hana jenereta ya kukuuzia.

Vivyo hivyo kwa anayekuuzia sumaku ya kuweka juu ya mita ili "ihesabu polepole". Mita nyingi za kisasa zina vihisi vya kutambua sumaku na huweka kumbukumbu ya tukio hilo. Kuchezea mita ni kosa la jinai, na atakayeulizwa ni mwenye mita, si aliyeuza sumaku.

Sumakuumeme: mkondo, mizunguko na chuma

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aligundua kwamba waya wenye mkondo huigeuza sindano ya dira. Miaka michache baadaye, William Sturgeon wa Uingereza alikunja chuma mfano wa kiatu cha farasi, akakipaka vanishi na kukizungushia waya wa shaba mara 18. Chuma hicho cha gramu 200 hivi kiliinua takriban kilo 4. Waya wake ulikuwa mtupu, hivyo ilimbidi aache nafasi kati ya mzunguko na mzunguko ili isigusane. Mmarekani Joseph Henry aliuvika waya hariri, akaweza kuuzungusha kwa kubana, tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1831 sumaku yake iliinua zaidi ya kilo 900. Msomaji aukumbuke mfano huu tutakapofika kwenye mota iliyoungua, kwani kilichowatenganisha watu hawa wawili si chuma wala betri pekee, bali pia ngozi nyembamba inayoutenga mzunguko mmoja na mwingine.

Uwezo wa koili kuamsha uga hupimwa kwa kuzidisha mkondo kwa idadi ya mizunguko. Ampia 2 kupitia mizunguko 300 ni sawa na ampia 6 kupitia mizunguko 100. Wengi hukumbuka kanuni hii kutoka shuleni, kisha hukosea kuitumia, kwa sababu nyumbani hatuchagui mkondo. Tunacho chanzo chenye volti maalumu, na mkondo hufuata ukinzani wa waya.

Chukua koili ya volti 12 yenye mizunguko 1,200 na ukinzani wa omu 24. Mkondo ni ampia 0.5, na zao lake ni 600. Umeme unaogeuka joto ni wati 6. Sasa fundi apunguze mizunguko iwe 600 kwa waya ule ule. Ukinzani unakuwa omu 12, mkondo ampia 1, na zao ni lile lile 600. Sumaku haijaongezeka wala kupungua nguvu, ila joto limekuwa wati 12, na shaba ya kulisambaza joto hilo ni nusu ya ile ya awali. Koili hiyo itavuta vizuri siku ya kwanza mbele ya mteja, kisha itaungua. Kwa volti ile ile, kinachoongeza nguvu ni waya mnene zaidi, nao huongeza mkondo na joto pia. Yafaa kujua vilevile kwamba shaba ikipata joto kutoka nyuzi 20 hadi 100 ukinzani wake huongezeka kwa takriban asilimia 31. Ndiyo maana vali au kufuli ya umeme inayotumia betri huweza kushika vizuri asubuhi na kulegea mchana.

Ndani ya koili huwekwa chuma laini, ambacho hupitisha uga mara elfu kadhaa kuliko hewa. Chuma nacho kina kikomo: uga ukikaribia tesla 2, vikundi vya atomi vyote vinakuwa vimeshaelekea upande mmoja, na mkondo wa ziada hauleti nguvu ya maana. Na kwa kuwa hewa ni kizuizi kikubwa hivyo, pengo la milimita moja laweza kuuzuia uga sawa na mita kadhaa za chuma.

Mota iliyoungua na fundi wa kuisuka

Umeme wa gridi ni mkondo geu, na hapa mambo hugeuka kinyume na matarajio. Katika mota ya mkondo geu, uga hutawaliwa na volti, kasi ya kubadilika kwa umeme na idadi ya mizunguko. Mizunguko ikipunguzwa, uga hauwi dhaifu, huzidi. Fundi akipunguza asilimia 10 ya mizunguko ili kuokoa waya, chuma cha mota hulazimishwa kubeba uga ulio zaidi kwa asilimia 11. Kama kilishakuwa karibu na kikomo chake, na watengenezaji wengi hukifikisha hapo ili kubana gharama, mkondo hupanda kwa kiwango kikubwa kuliko asilimia hizo. Mota hunguruma na kupata moto hata kabla ya kufungwa kwenye mashine.

Kwa hiyo kabla waya za zamani hazijatolewa, fundi na ahesabu mizunguko ya kila koili, apime kipenyo cha waya kwa maikromita, na aandike jinsi koili zilivyounganishwa. Omba nakala ya maandishi hayo. Fundi mzuri hataona ni dharau. Huyaandika kwa manufaa yake mwenyewe.

Kipenyo ni jambo la kusimamia. Waya wa milimita 0.8 ukibadilishwa kwa wa milimita 0.7, unene wa shaba inayopitisha mkondo hupungua hadi asilimia 77, na kwa mkondo ule ule joto huongezeka kwa karibu asilimia 31. Macho hayawezi kuitambua tofauti hiyo ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Alumini iliyopakwa shaba ni tatizo jingine, kwani ukinzani wa alumini ni takriban mara 1.6 ya ule wa shaba. Kwaruza ncha ya waya kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, alumini huonyesha weupe.

Njia ya kuziondoa waya zilizoungua ina uzito wake pia. Chuma cha mota si gogo moja. Ni mabamba membamba mengi yaliyopangwa pamoja, kila moja likiwa na ganda jembamba la kihami ili mkondo usizunguke ndani ya chuma chenyewe. Kuitia mota katika moto wa kuni au wa matairi ili vanishi iungue huliunguza na ganda hilo. Mota hutoka ikiwa na koili mpya na chuma kilichoharibika, nayo hula umeme mwingi maisha yake yote bila mwenyewe kujua sababu.

Kati ya sehemu inayozunguka na isiyozunguka huachwa pengo ambalo katika mota ndogo ni sehemu tu ya milimita. Beringi zikichakaa, pengo huwa jembamba upande mmoja na pana upande wa pili, hadi sehemu hizo zikasuguana. Dawa yake ni beringi mpya. Kukereza sehemu inayozunguka ili isiguse ni kupanua pengo kila upande, na mtumiaji atalilipia pengo hilo kwa mkondo wa ziada.

Siku ya kuichukua mota, iwashwe mbele yako bila mzigo na mkondo upimwe. Kwa mota ya fezi tatu, mikondo mitatu ikaribiane. Upimwe pia ukinzani wa kihami kati ya koili na mwili wa mota; mota iliyokaushwa vyema baada ya kutiwa vanishi husoma makumi ya megaomu na zaidi. Vipimo hivyo viandikwe kwenye risiti pamoja na kipenyo cha waya na muda wa dhamana. Risiti iliyoandikwa "kusuka mota" peke yake haitakusaidia ukija kulalamika.

Umeme ukiwa pungufu

Mota iliyosukwa kwa ustadi huungua pia iwapo volti inayoifikia ni ndogo. Nguvu yake ya kuanza kuzunguka hufuata mraba wa volti. Mota ya volti 230 ikipata volti 190, nguvu hiyo hushuka hadi asilimia 68. Kinu chenye mahindi ndani hakianzi kuzunguka, na mota iliyosimama huku ikiwa na umeme hujipasha moto kwa dakika chache tu.

Kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha mota, nayo hutengenezwa ivute kwa uhakika volti inapokuwa kati ya asilimia 85 na 110 ya iliyoandikwa kwenye koili yake. Kwa koili ya volti 230, kikomo cha chini ni volti 195.5. Chini ya hapo huweza kutetemeka, ikishika na kuachia, na kila mtetemo hutoa cheche zinazokula vigusanishi. Koili ya mkondo geu huvuta mkondo mkubwa zaidi wakati chuma chake kikiwa hakijafunga. Kwa hiyo vumbi au kutu kidogo kati ya nyuso mbili za chuma hutosha kuiunguza. Kontakta ikinguruma, izimiwe umeme na nyuso hizo zisafishwe kabla ya kununua koili nyingine.

Ili kujua tatizo liko wapi, fundi mwenye leseni apime volti mahali pawili mota ikiwa inafanya kazi: kwenye mita na kwenye mota yenyewe. Ikiwa volti kwenye mita ni nzuri na kwenye mota ni ndogo, kasoro ni ya waya wako, ambao ama ni mwembamba ama ni mrefu kupita kiasi, au kiungio kimelegea. Ikiwa ni ndogo tangu kwenye mita, andika tarehe, saa na kipimo kwa siku kadhaa, hasa nyakati za jioni, kisha upeleke malalamiko kwa maandishi kwa mtoa huduma ya umeme na uombe namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na majibu, tuletee nakala ya malalamiko hayo pamoja na vipimo na risiti ya fundi.